Sabuni ya unga ikiingia kwenye shimo lisilo na hewa, inaishia wapi?

Maji ya kufulia yakishaingia kwenye shimo la maji taka, si bakteria wanaila sabuni yote?

Inategemea ni sabuni gani. Ya kipande, inayopikwa kwa mawese au mafuta ya nazi, bakteria wasiohitaji hewa wanaimudu, na mwisho wake hutoka gesi ya methani. Ya unga ni habari nyingine. Nyingi hutegemea kemikali iitwayo LAS, itokanayo na mafuta ya petroli. Molekuli yake ina mkia mrefu, na bakteria huanza kuila kwa kupachika oksijeni kwenye ncha ya mkia huo. Oksijeni isipokuwepo, kazi haianzi. Kwenye mtambo wa kusafisha maji taka unaopulizwa hewa karibu yote huisha. Shimoni sehemu kubwa hung'ang'ania kwenye tope.

Mbona pakiti inasema inaoza yenyewe?

Kwa sababu hupimwa penye oksijeni. Hata kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2004 kuhusu sabuni hudai kipimo hicho tu. Na kwa kweli LAS ilikuwa nafuu kubwa: kabla ya miaka ya 1960 kemikali iliyotumika ilikuwa na mikia yenye matawi, bakteria wakashindwa hata penye hewa, mito ya Ujerumani ikajaa povu hadi sheria ikatungwa mwaka 1961.

Kuna madhara kiafya?

LAS iliyo kwenye tope huliwa na bakteria wa udongoni tope likipata hewa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kundi jingine la kemikali za kusafishia, nonilifenoli etoksileti. Hizi bakteria wa shimoni huzipunguza mkia kidogo kidogo, kisha hukwama kwenye nonilifenoli, ambayo ni sumu kali zaidi kwa samaki kuliko kilichoingia, tena huiga estrojeni, homoni ya kike. Watafiti wa Uswisi waliikuta kwenye tope la maji taka na kuchapisha matokeo mwaka 1984. Tangu 2005 Ulaya hairuhusu izidi asilimia 0.1 katika sabuni za kufulia.

Nyumbani nifanye nini?

Pima unga kama pakiti inavyoelekeza. Povu jingi halina maana kwamba nguo imetakata zaidi. Shimo likinyonywa, usikubali tope bichi limwagwe kwenye mchicha au mtaroni. Mbali na kemikali, mayai ya minyoo humo hukaa hai kwa miezi mingi. Muulize dereva wa gari la kunyonya analipeleka wapi.