Kurithi ukorofi: maana yake nini hasa?

Mtoto akizidi ukorofi, watu hawakawii kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanaochunguza jeni hawaikatai kauli hiyo moja kwa moja, ila wanaipunguza makali sana.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini. Hakuna jeni ya wizi wala ya ngumi. Inachogusa ni utendaji wa ubongo: mtu anashtuka upesi kiasi gani, anajizuia vipi, hasira inampanda kwa kasi gani. Kutoka hapo hadi kumvunja mtu meno, njia ni ndefu.

Jeni iliyovuma kuliko zote ni MAOA, iliyo kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli. Hutoa kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini na dopamini, kemikali ambazo seli za ubongo hupashana habari kwazo. Mwaka 1993 watafiti walieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo baadhi ya wanaume walikuwa na jeni hiyo imeharibika kabisa. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja tu, hana ya akiba. Wanaume hao walikuwa na ulemavu wa akili wa kiasi na vishindo vya ghafla vya ukatili. Hali hiyo ni nadra mno. Toleo la MAOA lenye nguvu pungufu, kwa upande mwingine, wanalo watu wengi ambao hawajawahi kumgusa mtu. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2002 ulikuta hatari ya ukorofi na ukatili ikipanda hasa kwa wenye toleo hilo ambao pia walitendewa ukatili utotoni. Tafiti zilizofuata hazikulipata jambo hilo kila mara.

Siku hizi huzungumzwa jeni nyingi mno, kila moja na mchango mdogo.

Tafiti za mapacha, zinazolinganisha mapacha wanaofanana na wasiofanana, huweka urithi wa haiba na wa tabia za kuvunja kanuni kwenye asilimia 40 hadi 50 hivi. Hapa ndipo wengi huteleza. Haina maana kwamba nusu ya hasira zako umepewa na wazazi. Asilimia hiyo hupima *tofauti* kati ya watu wa kundi fulani, haimpimi mtu mmoja. Chukua kundi la watoto, uwalee wote sawasawa kabisa: asilimia ya urithi itapanda, kwa sababu tofauti za malezi zimeondoka na zilizobaki ni za jeni. Na hakuna jeni hata moja iliyobadilika.