Je, wajua kwa nini picha moja ya korongo lililochimbwa na maji haitoshi kuonyesha mmomonyoko wa udongo?

Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, R. O. Barnes, alipita Machakos na kamera. Alipiga picha za vilima vilivyobaki uchi, mashamba yaliyochanwa na maji ya mvua, na makorongo yaliyokula njia za ng'ombe. Mwaka huohuo ofisa mwenzake, Colin Maher, aliandika ripoti kwamba nchi hiyo ya Wakamba inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Kwa mtu aliyeketi Nairobi au London, picha zile zilikuwa hukumu tosha: wenyeji wameua ardhi yao kwa mifugo mingi.

Hukumu ikafuatiwa na adhabu. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, na maelfu yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Picha za Barnes hazikuishia hapo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti wakiwemo Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizifufua. Mwaka 1991 mahali zilipopigwa palitafutwa, kamera ikaelekezwa kulekule, na picha zikapigwa upya. Vilima vilivyokuwa uchi sasa vilikuwa na ngazi za matuta kutoka bondeni hadi juu, na miti ilikuwa imeongezeka, haikupungua. Na haya yalitokea huku watu wa wilaya wakiongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1990. Picha zilizopigwa kumshtaki mkulima zikageuka kuwa shahidi wake.

Kwa nini basi ilibidi kungoja picha ya pili? Kwa sababu mmomonyoko ni mwizi wa polepole, na kamera hunasa dakika moja tu. Chukua shamba la hekta moja. Mvua ikilichuna udongo wa unene wa milimita moja tu, zimeondoka mita za ujazo 10, yaani tani 12 hivi au zaidi, malori mawili yaliyojaa. Simama katikati ya shamba hilo kesho yake: huoni chochote. Hakuna kamera inayoweza kukuonyesha milimita moja iliyokwisha kuondoka.

Kwa hiyo anayejua kazi hii hapigi picha ya udongo uliopotea. Anapiga picha ya kilichoachwa nyuma. Mizizi ya mti iliyoning'inia hewani ilhali zamani ilikuwa chini ya ardhi. Msingi wa nyumba ulioanza kuchungulia. Changarawe iliyotanda juu ya shamba kwa kuwa udongo laini umekwenda. Na alama ninayoipenda kuliko zote: vinguzo vidogo vya udongo, kila kimoja kimebeba kijiwe kichwani. Kijiwe kilikinga udongo wa chini yake dhidi ya matone ya mvua, udongo wa pembeni ukachukuliwa. Urefu wa kinguzo ndio kina cha udongo ulioibwa. Piga picha kwa karibu, kamera iwe chini kabisa, weka rula kando, na tayari una kipimo.

Hilo la rula lina uzito wake. Korongo lisilo na kitu cha kulinganisha laweza kuwa mfereji wa kuvukwa na kuku au shimo la kumeza basi. Weka jembe, fimbo ya mita moja, au mtu asimame ndani. Jua nalo huamua mengi. Saa sita mchana, jua la utosini hufuta vivuli, na shamba lililojaa mifereji huonekana tambarare kama meza. Piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala: kila mkwaruzo unatupa kivuli chake, na ardhi inaanza kujieleza.

Kupiga picha ya kinga ni kugumu zaidi. Chukua fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani wanalitumia lilivyo, bila kulitafsiri. Mkulima anapima mstari wa kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu ya A, miti mitatu iliyofungwa pamoja na uzi wenye jiwe. Kisha anachimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 hivi, na udongo wote anautupa upande wa juu wa mlima. Hapo ndipo jina lilipotoka. Ukiutupa upande wa chini, hiyo ni fanya chini, kazi nyepesi zaidi kwa mgongo. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kushika udongo, na majani yake huwa lishe ya ng'ombe.

Siku ya kwanza, fanya juu ni mtaro na rundo la udongo tu. Picha yake haimvutii mtu. Lakini kila mvua inapokuja, maji yanashuka na udongo, yanagonga tuta, yanaacha mzigo wake hapo. Msimu baada ya msimu, nafasi kati ya tuta na tuta inajaa upande wa chini na kupungua upande wa juu, hadi mteremko unageuka ngazi. Mlima unajisawazisha wenyewe, mkulima akiwa amefanya kazi ya kuuanzishia tu, na ya kuinua tuta kila linapojaa. Huko Ukambani, sehemu kubwa ya uchimbaji huo ilifanywa na vikundi vya mwethya, watu wakienda shamba kwa shamba kwa zamu, wengi wao wanawake. Ndiyo maana tuta la fanya juu haliwezi kupigwa picha mara moja. Lipige kutoka kilima cha ng'ambo ambako ngazi zinaonekana ubavu, na urudi mwaka unaofuata, na mwaka mwingine.

Ngoro, yaani mashimo ya kushika maji ya Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, nazo zinataka kilima cha ng'ambo. Ukiwa ndani ya shamba unaona mashimo. Ukivuka bonde, mteremko mzima ni sega la nyuki, kila shimo likishika maji yake.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Picha za kabla na baada ni rahisi sana kuzidanganyisha. Piga ya kwanza mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imekauka, na ya pili mwezi wa kumi na mbili mvua zikiwa zimetia kijani kila kitu: mradi wowote utaonekana umefaulu, hata ambao haukuchimba mtaro mmoja. Marekani mwaka 1936, katika ukame mkali, mpiga picha wa serikali Arthur Rothstein alilisogeza fuvu la ng'ombe kidogo ili apate picha nzuri zaidi. Ukame ulikuwa wa kweli, lakini magazeti yalipogundua, wapinzani wa serikali walipata sababu ya kuzitilia shaka picha zote. Tena kijani chenyewe si ushahidi wa kutosha. Kondoa, mkoani Dodoma, serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na vichaka vilirudi, lakini korongo lililofunikwa na majani bado ni korongo. Anayetaka ukweli apige kingo na sakafu yake.

Siku hizi droni hupiga mamia ya picha zinazopandana, kompyuta ikazijenga kuwa umbo la ardhi lenye vimo vyake. Ukitoa umbo la mwaka huu katika la mwaka jana, unapata mita za ujazo zilizoondoka. Lakini simu ya kawaida yatosha kwa shamba lako. Pigilia kigingi cha chuma au chagua mwamba usiohama, simama hapo hapo kila mara, simu iwe kwenye kimo kilekile, usivute picha karibu, na pembeni pawe na kitu kisichosogea: kona ya shule, mbuyu, mstari wa kilima. Andika tarehe na upande unaotazama. Rudi mwezi uleule, saa ileile. Picha ya kwanza ipige kabla jembe halijagusa ardhi, wakati huna cha kuonyesha isipokuwa mteremko uliochoka. Wengi huikumbuka wakati matuta tayari yamesimama, na hapo hakuna namna ya kuirudia.