Dhana potofu kuhusu mkondo wa umeme unaotumika kuangamiza uvimbe

Fundi wa stima mmoja wa Kariobangi, nilipomweleza kwamba uvimbe wa saratani unaweza kuangamizwa kwa mapigo ya umeme, aliniuliza hivi: "Ndugu, hiyo mashine hujizima ikifika ampea ngapi?" Swali lake lilinifurahisha, kwa sababu wengi hapa Nairobi huuliza volti tu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba daktari akishapanga volti, mkondo nao umepangwa. Ukweli ni kwamba mashine hupanga volti, ambazo zinaweza kufika 3,000, na kuzituma baina ya sindano mbili zilizochomwa kwenye uvimbe au kandokando yake, kwa mapigo ya takriban mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 70 hadi 100 kila moja. Mkondo ni jibu la tishu yenyewe. Volti 2,000 zikipitisha ampea 25, ukinzani, yaani kiasi ambacho tishu huuzuia mkondo, ni omu 80, hesabu ile ile ya fizikia ya sekondari. Ncha za sindano zikikaribiana kuliko ilivyokusudiwa, au kukiwa na chuma karibu, kwa mfano mrija uliowekwa kuzibua njia ya nyongo, mkondo hupanda ghafla, na mashine inayotumika sana hukatiza kazi unapofika takriban ampea 50. Hilo ndilo jibu nililompa fundi.

Wapo wanaodhani kwamba mkondo ukipanda kidogo kidogo kazi inapoendelea, kuna hitilafu. Kinyume chake, hiyo ndiyo dalili inayotarajiwa. Kabla ya kupigwa, utando wa seli huuzuia umeme na kuulazimisha kuzunguka nje ya seli. Mapigo yanapofungua vitundu katika utando huo, ambavyo ndivyo huiua seli, chumvi zilizo ndani na nje hushiriki kuubeba mkondo, na ukinzani hupungua. Ndiyo maana daktari huanza na mapigo machache ya majaribio, akiuangalia mchoro wa mkondo kwenye skrini, kisha akarekebisha volti kabla ya kuendelea hadi mapigo 70 au zaidi. Hata hivyo, tahadhari moja ni ya lazima: joto nalo hupunguza ukinzani, kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii, hivyo si kila ampea inayoongezeka ni ushahidi wa seli kutobolewa.

Hapo ndipo inapoanguka dhana nyingine, kwamba njia hii haina joto kabisa. Mapigo 90 ya volti 2,000 na ampea 30, kila moja la mikrosekunde 100, hutoa jumla ya julu 540, nishati ambayo birika la umeme la wati 2,000 huitumia kwa muda usiofika theluthi ya sekunde. Ni kidogo, lakini imebanwa katika kipande kidogo cha nyama, na joto hujikusanya zaidi kandokando ya sindano.

Kuhusu moyo, hofu ni ya haki, ndiyo sababu kila pigo hupangwa lifuatane na mapigo ya moyo yanayosomwa na mashine ya ECG, na mgonjwa hulazwa usingizi kamili na kupewa dawa ya kulegeza misuli.

Mwisho, mkondo kupanda vizuri hauthibitishi kwamba saratani yote imekufa. Mkondo ni wastani wa tishu yote iliyo baina ya sindano. Ukingo wa uvimbe uliobaki nje ya uga wa umeme, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya mapigo, hauonekani katika mchoro huo, na hutafutwa baadaye kwa picha za CT au MRI.