Je, wajua kwa nini malenga wa zamani walichukua mishororo ya wenzao na hawakuitwa wezi?

Kuna utungo mashuhuri wa Kiswahili wenye watunzi wawili ambao hawakuonana hata siku moja. Unaitwa Takhmisi ya Liyongo. Mtunzi wa kwanza ni Fumo Liyongo mwenyewe, yule shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya anayesimuliwa kwamba alitoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na kwamba hakuna aliyemweza mpaka mwanawe alipomdunga sindano ya shaba kitovuni. Wa pili ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa upande wa Pate na Lamu, aliyezaliwa karne kadhaa baada ya hapo. Liyongo alikuwa ametunga mishororo miwili miwili ya majigambo. Sayyid Abdallah akaongeza mitatu yake kabla ya kila miwili ya Liyongo, ubeti ukawa na mitano.

Hapo ndipo lilipotoka jina. Takhmisi ni neno la Kiarabu linalotokana na khamsa, yaani tano, na maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha sehemu tano. Ni kazi yenye masharti. Mshairi anautwaa ubeti wa mtu anayemhusudu, ubeti ambao kwa desturi ya Kiarabu una vipande viwili. Anatunga vipande vitatu vipya na kuvitanguliza, vyote vikiwa na kina kile kile cha kipande cha kwanza cha mwenziwe. Kisha anamwachia mwenziwe afunge ubeti. Anafanya hivyo kwa ubeti wa pili, wa tatu, hadi utungo mzima uishe. Haruki ubeti kwa sababu kina chake ni kigumu, wala habadilishi neno la mwenyewe ili limfae.

Maelezo peke yake hayatoshi, kwa hiyo tujaribu. Huu ni ubeti mfupi wa vipande viwili, wenye mizani nane kila kimoja, nilioutunga kwa ajili ya makala haya tu:

Bahari haina jino,
lakini humeza chombo.

Sasa tuseme umeupenda, unataka kuutia takhmisi. Kina chako ni "no", hupendi usipende. Unatafuta vipande vitatu vya mizani nane vinavyoishia hapo, na vinavyoelekea kwenye maneno ya mwenzako kama mto unaoelekea baharini:

Usivimbe kwa maneno,
wala nguvu za mkono,
nahodha, twaa mfano:
Bahari haina jino,
lakini humeza chombo.

Angalia kilichotokea. Vile vipande viwili vilipokuwa peke yao vilikuwa fumbo. Vingeweza kumhusu mtu mpole anayeangamiza kimyakimya, au deni, au hata ndoa. Mara tu nahodha mwenye majivuno alipoingia, fumbo likapata mwelekeo mmoja. Kwa hiyo mwenye kutia takhmisi haigi tu, anafasiri. Anawaambia wasomaji: mimi nimeyaelewa hivi maneno ya mkubwa wangu. Ni sherehe, yaani maelezo ya kufafanua, kama zile ambazo mashekhe huandika pembezoni mwa vitabu, ila hii imetungwa kwa vina. Kwa Liyongo jambo hilo lilikuwa na faida ya wazi, maana lugha yake ni ya kale sana, na msikilizaji wa zama za Sayyid Abdallah alihitaji mtu wa kumshika mkono.

Turudi basi kwenye swali la wizi. Kuna wanaodhani kwamba mtu hufuata maneno ya mwingine kwa sababu yake yamemwishia. Dhana hiyo inavunjika ukikumbuka Sayyid Abdallah alikuwa nani. Huyu ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, utenzi unaoyapitia majumba ya kifahari ya Pate yaliyogeuka magofu, ambamo vidaka vilivyokuwa vya sahani za thamani vimekuwa viota vya ndege. Wachambuzi wengi wanauhesabu miongoni mwa tungo bora kabisa za lugha hii. Mtu wa namna hiyo hana uhaba wa maneno. Aliamua kwa hiari yake kutembea nyuma ya Liyongo, tena kwa hesabu isiyompendelea. Katika kila ubeti, mishororo mitatu kati ya mitano ni jasho lake, lakini utungo umebaki na jina la mwenye miwili.

Tena mwizi huficha, ilhali mwenye takhmisi hawezi kuficha hata akitaka. Utungo wake unapata ladha pale tu msikilizaji anapozijua beti za asili. Kama huzijui, husikii mishororo ile mitatu inavyojipinda kuipokea miwili, sawa na mtu anayesikia kiitikio bila kuusikia wimbo. Kwa hiyo watia takhmisi walichagua tungo ambazo kila mtu alikwisha kuzihifadhi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Burda ya Imam al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, kasida ya kumsifu Mtume inayosomwa hadi leo kuanzia Lamu hadi Indonesia. Burda imetiwa takhmisi mara nyingi mno. Kasida yake nyingine, Hamziya, ilipata heshima ya aina tofauti huku kwetu. Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate aliitia Kiswahili, na katika miswada ya kale mishororo ya Kiswahili imeandikwa chini ya ile ya Kiarabu, mmoja baada ya mwingine.

Ipo njia ya tatu, ambayo binafsi naiona ngumu kuliko takhmisi. Waarabu huiita muaradha. Hapo huchukui mishororo ya mtu, unachukua bahari yake, yaani mpangilio wa mapigo ya mishororo, na kina chake, kisha unatunga kasida yako nzima ndani ya mipaka hiyo. Mnamo 1910 Ahmed Shawqi, mshairi wa Misri, aliifanyia hivyo Burda na kuuita utungo wake Nahj al-Burda, yaani Njia ya Burda, ili asiwepo wa kuuliza alikoitoa. Kinachonifurahisha ni kwamba ndani ya kasida hiyo hiyo anaapa kwamba Mungu ni shahidi yake, hamfanyii al-Busiri muaradha, kwani nani anaweza kushindana na wingu linalomwaga mvua? Anacheza na neno lenyewe, kwa sababu muaradha maana yake pia ni kupingana. Anaikana kazi ile ile anayoifanya, tena kwa bahari na kina cha anayemkania.

Waswahili nao wana jamaa wa muaradha. Katika majibizano, mshairi akiulizwa kwa vina fulani, adabu ni kujibu kwa vina hivyo hivyo na mizani ile ile. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja mmoja wa washairi kukutana bila kuonana, na magazeti yaliyofuata yakaurithi mchezo huo. Tofauti ni kwamba hapa heshima huchanganyika na ubishi. Unaweza kumtandika mwenzako kwa hoja huku ukimvulia kofia kwa vina.

Anayetaka kujaribu leo ajue jambo moja la kisheria. Vina, mizani na bahari havina mwenyewe, kwa hiyo muaradha na majibizano ni huru. Takhmisi inabeba maneno halisi ya mtu. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya humlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa, hivyo ukimpenda mshairi aliye hai, mwombe ruhusa kabla ya kuchapisha. Kwa Liyongo hakuna wa kumwomba.

Wala kwa ubeti wangu wa bahari huhitaji ruhusa, umeruhusiwa hapa hapa. Mimi nimetumia maneno, mkono na mfano. Vuno, ngano na pono nimekuachia.