Homa ya ini C: kabla hujamuuliza mwenzio ameitoa wapi

Wanandoa wakija maabara kupima, mmoja akikutwa na homa ya ini C, swali la kwanza huwa sio dawa, ni "Musawo (daktari), huyu ameitoa wapi?", na lile jicho analomkata nalo mwenzake we acha tu. Nyumba zinavunjika hivi hivi kwa kikaratasi ambacho hakijasema chochote kuhusu kuchepuka.

Watu wanaichanganya na B. B ndio inapita sana kwenye ngono, na ina chanjo. C haina chanjo, na njia yake kubwa ni damu kukutana na damu. Sio mate, sio kula sahani moja, sio kukumbatiana.

Kwenye ngono je? Inawezekana ila ni nadra mno kwa mume na mke. Marekani walichukua watu 500 wenye C, wakawapima na wenzi wao wa muda mrefu kuona kama wamewaambukiza, majibu yakatoka 2013: kwa hesabu ya juu kabisa ni kama mara moja katika kujamiiana mara 190,000. Hatari inapanda pale damu inapoingia, yaani hedhi, vidonda, magonjwa ya zinaa, ngono ya nyuma, na zaidi mtu akiwa na VVU. Kwa wanaume wanaolala na wanaume, hasa wenye VVU, imeonekana wazi kwamba inaambukizwa hivyo, na hapa naongea afya, siasa mtanisamehe.

Sasa damu yenyewe. Angalia Misri, kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1980 serikali ilichoma watu sindano za kichocho, sindano zinarudiwa bila kuchemshwa vizuri, nchi nzima ikajaa C. Kichocho ni hiki hiki tulichonacho Ziwa Albert hapa Uganda, bahati yetu siku hizi tunameza vidonge. Ila sindano za kliniki za uchochoroni bado zipo, na chale za mganga kwa wembe mmoja familia nzima, na kinyozi anayepangusa mashine kwa kitambaa tu halafu "next!" Kirusi hiki kwenye damu iliyokauka kinaweza kuishi wiki kadhaa, kwa hiyo kitambaa hakisaidii kitu. Damu ya kuongezewa wanaipima C, lakini kirusi kimegunduliwa 1989, aliyeongezewa kabla ya hapo nani alimpimia?

Halafu C inakaa kimya mwilini miaka 20 hata 30. Mama anaweza kuwa aliipata kwa sindano akiwa mtoto, kabla hajakujua wewe. Pia mistari miwili kwenye kile kipimo cha haraka inaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, karibu watu 30 kati ya 100 kinaondoka chenyewe na mistari inabaki, ndio maana lazima upimwe tena kutafuta kirusi chenyewe kabla hamjaita wazee wa ukoo.

Kikiwepo, vidonge vya wiki 12 vinaponya zaidi ya 95 kati ya 100, ila ukipona unaweza kuambukizwa upya. Kondomu kwa wawili wasio na VVU huwa silazimishi, isipokuwa siku za hedhi au kukiwa na kidonda. Wembe na mswaki ndio kila mtu awe na wake, hapo sina mjadala.