Moto wa dampo la Bridgeton hauwezi kulipuka kama bomu la nyuklia

Kuna hii stori inazunguka miaka na miaka, eti kule Bridgeton, Missouri, Marekani, moto wa chini ya ardhi ukifika kwenye taka za nyuklia basi mji mzima unaruka kama kile kinu cha nyuklia kilicholipuka Chernobyl. Jamani, haiko hivyo.

Kwanza huo wenyewe sio moto wa ndimi, ni taka zinafukuta huko chini bila hewa ya kutosha, kama tanuri la mkaa lililofukiwa udongo, na iligundulika mwishoni mwa 2010. Dampo la jirani, West Lake, ndiko zilikomwagwa mwaka 1973 taka za urani zilizobaki kwenye kazi ya kutengeneza mabomu ya atomiki, zikachanganywa na udongo. Sasa bomu la nyuklia linataka urani iliyorutubishwa sana (yaani iliyokolezwa ile sehemu yake inayoweza kulipuka) au plutoniamu, na ikusanywe kwa namna maalum kabisa, hizi ni mabaki yamesambaa kwenye udongo, uzipashe moto utakavyo hazilipuki. Na Chernobyl ilikuwa rikta, yaani kinu cha nyuklia, inayofanya kazi, sio taka zilizofukiwa.

Ila wale wakazi hofu yao ni ya kweli na msiwacheke, kwa sababu joto linakausha udongo, unapasuka nyufa, gesi ya radoni, ambayo ina mionzi, inatoka kirahisi zaidi, na vumbi lenye mionzi likipeperuka ukalivuta ndio balaa. Halafu kuna thoriamu humo, metali yenye mionzi, inayogeuka taratibu kuwa rediamu yenye mionzi mikali zaidi, kwahiyo mionzi itazidi kupanda kwa karne nyingi. Ndo maana 2018 serikali ikaamua sehemu ya taka ichimbuliwe ihamishwe, iliyobaki ifunikwe.