Nyerere hakufukuzwa Pugu, jamani

Juzi tena. Nimejikalia zangu kwenye baraza la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kikombe cha pili, kipande cha kashata mkononi, nikamsikia mzee mmoja ninayemheshimu sana akimsimulia mjukuu wake: "Nyerere alikuwa mwalimu Pugu. Mwingereza akamfukuza, naye kwa hasira akaenda kuanzisha TANU." Mjukuu ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Kanigeukia: "Eti mwalimu, si ndivyo?"

Nimefundisha historia katika mji huu zaidi ya miaka ishirini, na hadithi hii nimeisikia kwenye daladala, msibani, hata kwa walimu wenzangu wanaopaswa kuona haya. Safari hii sikuvumilia. "Mzee wangu, uniwie radhi," nikasema, na kahawa ikapoa.

Makuzi ya Nyerere nayaruka, yamo kwenye kila daftari: Butiama, Mwisenge, Tabora, Makerere, kisha kufundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh 1949. Shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ilikuja baada ya Edinburgh. Hapo ndipo watu wanapovuruga kalenda.

Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA (Tanganyika African Association), chama kilichoitangulia TANU, akiwa mwalimu. TANU ikazaliwa 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake, bado mwalimu. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ndipo akaacha kazi. Hesabu mwenyewe: miezi minane alikiongoza chama huku akisahihisha madaftari. Sasa hasira za kufukuzwa leo zinazaaje chama mwaka jana?

Lakini kosa la kalenda hunisumbua kidogo tu. Linalonichoma ni hili neno "Mwingereza akamfukuza", kana kwamba Nyerere alikuwa mwajiriwa wa serikali. Hakuwa! St. Francis, Pugu, ilikuwa shule ya misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1953, wakati wa Gavana Twining, serikali ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Fikiria pigo hilo. Wasomi wa TAA wengi walikuwa makarani, madaktari wasaidizi na walimu wa serikali. Kwa waraka mmoja wakazibwa midomo. Waliobaki huru kusimama mbele ni wafanyabiashara kama mzee John Rupia, watu waliojiajiri, na wachache waliolipwa mshahara na misheni. Nyerere alikuwa na shahada na pia hakuwa chini ya waraka ule. Wanafunzi wangu huandika kwamba aliongoza kwa sababu alisoma. Wengine pia walisoma. Wao walikuwa wameajiriwa pasipofaa.

Na sisi watu wa Tanga tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hili. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilianzishwa hapa hapa mjini mwaka 1922, kiongozi wake Martin Kayamba, karani mkuu katika ofisi ya wilaya. Ndiyo, karani wa serikali! African Association iliyokuja 1929, ambayo baadaye ilikuwa TAA na mwisho TANU, ilifuata njia ambayo watu kama Kayamba walikwisha kuifyeka. Kwa hiyo mwaka 1922 mtumishi wa serikali aliweza kuongoza chama cha Waafrika, na miaka thelathini na moja baadaye akakatazwa hata kadi. Mwenye kutaka kujua Mwingereza alianza kuogopa lini, aangalie hapo kwanza. Kila siku wageni huniuliza habari za Mapango ya Amboni. Habari za Kayamba sijaulizwa hata siku moja.

Haya, basi aliachaje kazi? Alitakiwa achague, ualimu au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu. Kitabu cha kidato cha tatu kinaishia hapo, nami darasani huishia hapo, kwa sababu mtihani unataka neno moja. Ila mzee pale barazani si mtu wa kukubali neno moja. Akavuta kahawa, akasema: "Yaani walimwekea mlango wazi wakamwambia toka au kaa kimya. Basi alifukuzwa kwa adabu."

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina zuri. Shule za misheni zilipokea ruzuku ya serikali. Mtu wa serikali hakuhitaji kutia saini barua yoyote ili shinikizo lifike Pugu. Barua ilikuwa yake, uamuzi ulikuwa wake, lakini uhuru wa uamuzi wenyewe unapimwaje? Kwenye mtihani nitaendelea kutoa alama kwa "alijiuzulu". Rohoni sina uhakika kama nawatendea wanafunzi haki.

Jambo ambalo hadithi ya hasira inalifuta kabisa ni miezi iliyofuata. Watu hudhani alitoka darasani moja kwa moja jukwaani. Alirudi kwao Musoma, na huko akafanya nini? Akafundisha tena! Akamfundisha Kizanaki, lugha ya kwao, padre mmoja wa Maryknoll, shirika la wamisionari Wakatoliki wa Marekani, na kufanya kazi ya kutafsiri maandiko ya dini. Oktoba 1955 ndipo alipoishika kazi ya TANU moja kwa moja. Baadaye mwenyewe alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua, siasa ilimtokea kama ajali.

Mimi nadhani ajali ile ilimkolea. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Urais wa nchi aliuacha 1985, lakini uenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU, akaushika mpaka 1990. Jumlisha: ualimu wa darasani haufiki miaka sita, uongozi wa chama miaka thelathini na sita.

Na nimesema uenyekiti wa CCM. TANU haikuwa na mwenyekiti wa taifa, ilikuwa na Rais. Ijumaa nilitoa jaribio, na yule mjukuu, baada ya kahawa yote ile, akaandika "Mwenyekiti wa TANU". Nimemkata alama moja. Babu yake amenitumia salamu kwamba nina roho mbaya, na kahawa ya Jumamosi nitalipa mimi.